Kutangulia na Kufika

Katika karne ya kumi na tisa, kabla ya reli kujengwa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikata tambarare ya Mkata, ikalifuata bonde la mto Mkondoa, kisha ikapanda milima ya Usagara. Nchi ya Kilosa, ambamo Chanzuru imo, ilikuwa katika mapito hayo. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, akaenda nao kwa miguu mwezi baada ya mwezi. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, mwenye kuijua njia, na desturi haikumruhusu mpagazi kumpita. Umande wa alfajiri ulimlowesha yeye kwanza. Mwiba wa njiani ulimchoma yeye kwanza. Na kama njia ilipotea, lawama ilikuwa yake. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, aliikuta tambarare ya Mkata imejaa maji ya masika, na matope yake yakamchosha sana yeye na watu wake. Hapana shaka kwamba katika safari za namna hiyo wengi walioondoka kwa shangwe na ngoma hawakuwasili.

Wahenga walisema: kutangulia si kufika. Methali hii ni ya wasafiri kabla ya kuwa ya watu wengine, na maana yake ni onyo. Aliye mbele asijivune, kwa kuwa mwisho wa njia haujaonekana bado. Aliye nyuma naye asikate tamaa, kwa kuwa safari haijakwisha. Lakini methali, kama mizani, hutumika vyema pale tu inapowekewa kitu cha kupimwa. Pamezuka namna mpya ya kwenda masafa, isiyo na mzigo wala biashara, inayopimwa kwa meta na kwa saa: nayo ni riadha. Ndani ya riadha kuna vijana wawili, mmoja wa Marekani na mmoja wa Tanzania, ambao habari zao zinaipima methali hii kuliko hotuba nyingi. Wa kwanza ni Jim Ryun. Wa pili ni Filbert Bayi, aliyezipokonya rekodi mbili kubwa za yule wa kwanza.

Yafaa kwanza kueleza mbio zenyewe. Maili moja ni meta 1609, nayo ni kipimo cha Waingereza. Meta 1500 ni kipimo kinachotumika katika Michezo ya Olimpiki, na katika kiwanja chenye mzunguko wa meta 400 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Masafa haya si mafupi hata mtu aweze kuyamaliza kwa nguvu za kifua peke yake, wala si marefu hata aweze kuyamaliza kwa subira peke yake. Yanataka vyote viwili. Kwa hiyo wakimbiaji wake wamegawanyika tangu zamani katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hukaa nyuma ya wenzao, hujificha upepo, huhifadhi nguvu, kisha hufyatuka katika mzunguko wa mwisho. Fungu la pili hushika uongozi mapema na kuwataka wengine wafuate kama wanaweza. Fungu la kwanza ndilo kubwa, na sababu yake si woga. Mwenye kutangulia hupasua upepo kwa kifua chake, na anayemfuata hupita katika njia iliyokwisha kupasuliwa. Tena mwenye kutangulia hamwoni adui yake. Husikia nyayo tu, asijue zimo mbali kiasi gani. Anayefuata humwona mbele yake mtu wa kumfukuza, naye huchagua saa ya kumshambulia.

Jim Ryun alizaliwa tarehe 29 Aprili 1947 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Nchi ile ni tambarare ya ngano na upepo. Utotoni hakuonyesha dalili ya kuwa mwanamichezo mkubwa; alijaribu kuingia katika timu kadhaa akakataliwa. Alipofika shule ya sekondari alimkuta mwalimu Bob Timmons, ambaye alimtazama kijana yule mrefu mwembamba akaona ndani yake kitu ambacho mwenyewe alikuwa hajakiona. Mwaka 1964 Ryun, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alikimbia maili moja kwa muda usiofika dakika 4. Kabla yake hakuna mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kufanya hivyo. Tarehe 17 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 19, aliivunja rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.3. Mwaka uliofuata aliipunguza hadi dakika 3 na sekunde 51.1, na tarehe 8 Julai 1967, katika mji wa Los Angeles, alikimbia meta 1500 kwa dakika 3 na sekunde 33.1. Rekodi iliyokuwapo, ya Herb Elliott wa Australia, ilikuwa dakika 3 na sekunde 35.6. Aliyeshika nafasi ya pili siku ile alikuwa Kipchoge Keino wa Kenya.

Ryun alikuwa wa fungu la kwanza. Silaha yake ilikuwa mzunguko wa mwisho, na aghalabu aliyekuwa mbele yake kengele ilipogongwa alikuwa amekwisha kushindwa asijue. Watu walimhesabia nishani ya dhahabu ya Olimpiki kabla hajaivaa. Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika katika mji wa Mexico, ulioko meta 2240 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na pumzi hazitoshi. Katika fainali ya meta 1500, tarehe 20 Oktoba, Ben Jipcho wa Kenya alianza kwa kasi kubwa mno, kisha Keino akaupokea uongozi na kuondoka. Ryun alikaa nyuma kama alivyozoea, akingoja saa yake. Saa ilipofika, umbali ulikuwa umezidi. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.91, Ryun alikuwa wa pili, nyuma yake karibu sekunde 3. Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Munich, Ryun aligongana na mwenzake katika mbio za mchujo, akaanguka, na matumaini yake ya Olimpiki yakaisha pale chini.

Siku ile ile ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji ule ule wa Mexico, palikuwa na mbio nyingine, nazo ni marathoni. Mtanzania John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka njiani akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alifika kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia kiwanjani kwa saa 3 na dakika 25, mguu umefungwa bandeji, giza limeingia na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jawabu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza. Kwa siku moja, basi, dunia ilipata masomo mawili: Ryun, aliyekuwa na kasi kuliko wote, alikawia kutangulia, na Akhwari, asiyetangulia hata kidogo, alifika.

Filbert Bayi alizaliwa tarehe 23 Juni 1953 katika Karatu, nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Akawa askari wa jeshi, na huko ndiko riadha yake ilikokomaa. Mwezi wa Januari 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, kijana huyu wa miaka 19 alimshinda Keino katika meta 1500. Walioona walistaajabu si kwa ushindi tu, bali kwa namna yake. Bayi hakungoja. Tangu mwanzo alikimbia kana kwamba mbio ni fupi kuliko zilivyo, akawaacha wenzake wakijiuliza kama wamfuate au wamwache achoke. Wajuzi wengi walisema kwamba atachoka. Waswahili nao wana neno la jambo hilo: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jawabu lilitolewa tarehe 2 Februari 1974 katika Christchurch, New Zealand, siku ya fainali ya meta 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ndani ya mbio zile alikuwamo Jipcho, ambaye katika michezo ile ile alishinda meta 5000 na meta 3000 za kuruka viunzi na maji. Alikuwamo John Walker, kijana wa New Zealand, akishangiliwa na watu wa kwao. Na Rod Dixon, wa New Zealand pia. Bayi alishika uongozi tangu mwanzo. Ilipokwisha mizunguko miwili alikuwa amewaacha wenzake kwa karibu meta 20. Katika mzunguko wa mwisho pengo lilianza kupungua, na katika mnyoosho wa mwisho Walker alikuja kwa nguvu zake zote na za kiwanja kizima. Bayi hakuanguka ukingoni. Alifika kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na rekodi ya Ryun, iliyodumu zaidi ya miaka sita, ikavunjika. Walker, kwa dakika 3 na sekunde 32.52, naye aliipita rekodi ile ya zamani lakini akapata nafasi ya pili. Jipcho alikuwa wa tatu kwa dakika 3 na sekunde 33.16, na Dixon wa nne.

Thamani ya mbio zile haimo katika tarakimu peke yake. Rekodi nyingi za masafa haya hutengenezwa katika mikutano maalumu, ambamo mkimbiaji mmoja hulipwa atangulie mizunguko miwili au mitatu, apasue upepo, ashike mwendo uliokubaliwa, kisha ajiondoe na kumwachia bwana wa siku. Bayi hakuwa na mtu wa namna hiyo. Mbio zake zilikuwa fainali, na kila aliyekuwamo alitaka kumshinda. Kirangozi alikuwa yeye, na aliyefika wa kwanza alikuwa yeye. Baada ya siku ile rekodi ya meta 1500 kwa wanaume ilipita mikononi mwa Sebastian Coe, Steve Ovett, Sydney Maree, Steve Cram, Said Aouita na Noureddine Morceli, hata ikafika kwa Hicham El Guerrouj mwaka 1998. Na hakuna hata mmoja wao aliyeiweka katika fainali ya michezo mikuu. Jambo la pili ni kwamba ushujaa wa Bayi uliwanufaisha hata walioshindwa. Walker hangekimbia kwa muda ule kama pasingekuwa na mtu mbele wa kumfukuza. Mwenye kutangulia huwafundisha walio nyuma yake kasi wasiyodhani kuwa wanayo.

Ilibaki maili. Tarehe 17 Mei 1975, katika Kingston, Jamaica, Bayi alitangulia tena na kushinda kwa dakika 3 na sekunde 51.0, nyuma yake akiwapo Mmarekani Marty Liquori. Rekodi ya Ryun ilikuwa imevunjwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, umbali usiofika meta moja katika maili nzima. Kwa hiyo rekodi zote mbili alizokuwa nazo kijana wa Wichita zilihamia kwa kijana wa Karatu. Ile ya maili hakukaa nayo sana, kwa maana tarehe 12 Agosti mwaka huo huo Walker alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 49.4 katika Göteborg, akawa mtu wa kwanza kuimaliza chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ile ya meta 1500 ilidumu mpaka Agosti 1979, Coe alipoipunguza.

Watu wote wapendao riadha walingoja Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ili Bayi na Walker wakutane tena. Hawakukutana. Mwezi wa Juni mwaka ule wanafunzi wa Soweto waliuawa kwa risasi, na mwezi ule ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na timu za serikali ya ubaguzi. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Wakuu wa Olimpiki walikataa, wakisema raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, hazikushiriki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na msimamo mkali. Ajabu ya mambo ni kwamba ugomvi ulikuwa na New Zealand, nchi ambayo Bayi aliiwekea rekodi yake, na ambayo ndiyo nchi ya mshindani wake. Walker alishinda nishani ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ulio nyuma ya ule wa Bayi wa Christchurch kwa sekunde 7.

Hapa ndipo panapotakiwa hukumu ya haki. Wako wasemao kwamba kususia kule kulikuwa dhuluma kwa vijana waliojitaabisha miaka minne, na neno lao lina uzito, kwa kuwa miguu ya mkimbiaji haingoji siasa itulie. Mwaka 1976 Bayi alikuwa na umri wa miaka 23, nao ni wakati ambapo nguvu za mtu wa masafa haya huwa zimekamilika; na zaidi ya hayo malaria ilimsumbua mara kwa mara, hata hakuna awezaye kudai kwamba dhahabu ilikuwa yake kwa hakika. Lakini ni lazima pia kutazama upande wa pili. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walipatana katika Gleneagles, Scotland, kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi, na hapana shaka kwamba tendo la Montreal lilikuwa mojawapo ya sababu. Afrika Kusini haikurudi katika Olimpiki mpaka mwaka 1992, ubaguzi ulipokuwa unabomolewa. Katika jambo hili taifa zima lilikuwa kirangozi, likipasua upepo kwa ajili ya wengine. Ila kifua kilichopigwa na upepo huo kilikuwa cha mtu mmoja. Ni haki kulisifu taifa kwa msimamo wake, lakini si haki kulisifu na kumsahau aliyeulipia.

Miaka minne baadaye kikombe kile kile kiliwafikia Wamarekani. Serikali yao iliisusia Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 kwa sababu ya vita vya Afghanistan, ikamtuma Muhammad Ali barani Afrika kuzishawishi nchi nyingine. Ali alianzia Dar es Salaam, na Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Mkimbiaji wa Kimarekani Steve Scott, aliyekuwa amechaguliwa kwa meta 1500, alibaki nyumbani kama Bayi alivyobaki mwaka 1976. Tanzania ilikwenda. Bayi, ambaye mwaka 1978 katika Edmonton alikosa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa sehemu 11 za mia za sekunde tu, safari hii alichagua meta 3000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia kama desturi yake, akawaacha wenzake mbali. Lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita. Bayi alipata nishani ya fedha kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika meta 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hata baada ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, nishani hizo mbili zilikuwa bado ndizo pekee za Tanzania katika historia yote ya Olimpiki.

Basi Ryun na Bayi, ambao kila mmoja kwa zamu yake alishika rekodi ya dunia ya maili na ya meta 1500 kwa pamoja, walitoka katika Olimpiki na fedha tu. Mtu atazamaye orodha ya dhahabu peke yake hatawaona. Kwa sababu hiyo orodha ya dhahabu si historia ya riadha, kama vile orodha ya wafalme isivyokuwa historia ya nchi. Walioleta mabadiliko katika namna ya kukimbia hawakuwa sikuzote ndio waliovishwa.

Desturi ya kutangulia haikufa kwa Bayi. Juma Ikangaa, askari kama yeye, aliipeleka katika marathoni. Katika Brisbane mwaka 1982 aliongoza sehemu kubwa ya njia, akapitwa na Robert de Castella wa Australia, akawa wa pili. Katika Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, miaka ya 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja baada ya kilometa 42. Lakini mwaka 1989 katika New York alitangulia na kufika, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nyambui na Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 1978, walikwenda kusoma katika chuo kikuu cha El Paso, Texas, wakaishindia Marekani ya vyuo mbio nyingi. Hivyo mkono uliopokonya rekodi za Ryun ulishikana na mkono wa nchi yake, na elimu ikawa malipo ya miguu.

Wengi husema kwamba mambo haya ni ya watu wa milimani. Karatu ni nchi ya karibu meta 1500 juu ya bahari, na Mbulu imezidi hapo. Mji wa Kilosa uko karibu meta 500 tu. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Chanzuru, azaliwaye katika tambarare ya joto na mkonge, angeambiwa aache. Lakini ushahidi wa historia haukubali hukumu hiyo nyepesi. Wichita, mji wa Jim Ryun, uko karibu meta 400 juu ya bahari, chini kuliko Kilosa. Christchurch na Kingston, ambako Bayi aliziweka rekodi zake, ni nchi za pwani. Mlima husaidia, na Mexico ilithibitisha. Ila haukumfunza Ryun. Alichokuwa nacho Ryun ni shule yenye njia ya mbio iliyopimwa, mwalimu mwenye saa mkononi na macho ya kuona, mashindano ya kila juma, na chuo kikuu kilichomngojea. Tena hakuugua malaria kila mwaka. Tofauti kati ya mtoto wa Wichita na mtoto wa Chanzuru, basi, haimo katika ardhi wala katika damu. Imo katika mambo ambayo watu wanaweza kuyatengeneza, na yasiyotengenezwa hayafai kuitwa majaaliwa. Bayi mwenyewe aliliona hilo, ndiyo maana baada ya kuacha mbio alianzisha shule, na kwa miaka mingi akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania.

Tarehe 15 Septemba 2025, katika mji wa Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyotoa hukumu. Simbu hakuwa mbele ila katika hatua za mwisho kabisa. Alifuata, akavumilia, akafika.

Kwa hiyo methali ya wasafiri imesimama, lakini inataka kusomwa mpaka mwisho wake. Kutangulia si kufika, ni kweli: Moscow inashuhudia, na Boston inashuhudia mara tatu. Wala kufuata si kufika: Mexico inashuhudia. Lakini katika kila msafara uliowahi kuwasili alikuwapo aliyekubali kupita kwanza mahali ambapo umande haujakatwa. Nusu karne kabla ya Tokyo, vijana wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuonyeshwa kwamba mtu wa kwao anaweza kwenda mbele ya dunia nzima, bila wa kumkinga upepo, na asipitwe. Anayefika leo anafika kwa njia ile, na haki ya aliyeifungua ni kutajwa pamoja naye.